Mate Hadi Mstarini

Watu wa bima wana ugonjwa wao, na Karani aliupata tangu mwaka wake wa kwanza kazini: kila anayefungua mdomo mbele yao ni mwongo mpaka karatasi zimtetee. Mtu anakuja kajifunga bandeji, analia kwamba gari lilipinduka, Karani anamtazama viatu kwanza aone kama vina vumbi. Walimpandisha cheo kwa macho hayo. Basi na nyumbani, alikoishi na mama yake, binti huyu akawa hivyo hivyo. Ukimwambia umeshiba, atafunua sufuria ahakikishe.

Ndiyo maana Fundi alipobisha hodi Jumamosi ile, mkoba wa vyuma begani, akasema anamtafuta mama aliyemzaa, Karani hakusikia neno "mama". Alisikia "nyumba". Nyumba ya marehemu baba, vyumba vitatu na uwanja nyuma, hati iko kabatini. Akasema moyoni, haya, wameanza.

"Shikamoo mama," Fundi alimwamkia bibi aliyekaa kitini na blanketi magotini.

"Marahaba, baba. Karibu ukae."

Mama alikuwa mgonjwa wa siku nyingi. Moyo ulikuwa umechoka, figo nazo zimegoma, na dawa alizopewa zilimkausha kinywa hata akawa hamalizi neno bila kulamba midomo. Lakini masikio yalikuwa mazima, na siku hiyo aliyatega yote mawili.

Fundi alikuwa mtu wa makamo, kazi yake kuchonga funguo na kutengeneza vitasa, kibanda chake kikiwa upande wa pili wa soko. Alianza kwa utani, masikini, kwamba yeye hufungua milango ya mji mzima isipokuwa wa kwao. Hakuna aliyecheka. Ndipo akaeleza. Mwanamke aliyemlea alikuwa mfagiaji wa wodi ya wazazi, tasa, na mkunga wa zamu alikuwa dada yake. Huyo mlezi alipokuwa anakufa alimshika Fundi mkono akamwambia: sikukuzaa, nilikutoa wodini ndani ya kapu la mashuka machafu, mama yako alikuwa msichana mdogo, akaambiwa umekufa. Jina la msichana hakulijua. Akakata roho akiwa mwepesi, mzigo wake kamtwisha mwingine.

Fundi hakuwa na pa kuanzia ila mwilini mwake. Akatema mate kwenye kichupa, akayapeleka maabara, wakamwingiza kwenye ule mtandao ambao watu huweka vinasaba vyao kutafuta ndugu. Kimya. Miezi mingi kimya. Kisha akatokea msichana mmoja aliyeko ng'ambo, mjukuu wa kaka yake Mama, ambaye alipima kwa udadisi tu. Mashine ikasema huyu na Fundi wana damu moja, ya mbali kidogo, lakini moja. Wakaandikiana. Msichana akamtajia ukoo wote anaoujua, naye Fundi akauchora kwenye karatasi pana ukutani kwake, akawa anapita tawi kwa tawi akiuliza kwa adabu zote: ni mwanamke gani wa ukoo huu alikuwa na mimba miaka ile, katika mji ule? Tawi moja likamleta hapa.

Mama alisikiliza bila kupepesa. Halafu akasema jambo ambalo Karani alikuwa amelisikia kwa minong'ono tu, pale mashangazi wanapodhani mtoto kalala.

"Nilizaa wa kiume kabla yako. Walisema amekufa. Nikaomba nimwone, wakasema wameshamzika, nisijiumize. Na mimi nilikuwa nimemsikia analia. Wakasema huyo ni wa kitanda cha pili." Akalamba midomo. "Nikawaamini. Wao walikuwa na makoti meupe. Mimi nilikuwa msichana mwenye nguo ya kuazima, ningebishana nini?"

Akamwita Fundi asogee, akamshika mikono. Sasa sikiliza hili. Vidole gumba vya Fundi vilikuwa vifupi na bapa, kucha pana kama kijiko cha chai. Marehemu baba alikuwa navyo vya namna hiyo. Karani anavyo, na tangu utoto huvikunjia ndani ya ngumi watu wasimcheke. Mama alivipapasa vile vidole kimoja baada ya kingine, na uso wake ukaanza kufunguka.

Karani akakunja ngumi zake. "Mama, vidole gumba viko vingi duniani. Tupime DNA, wewe na yeye. Mama na mtoto, kipimo hakikosei."

"Mwanangu, uchungu wa mwana—"

"Aujuaye mzazi, najua. Na matapeli nao wanaujua. Moyo wako haubebi hata ngazi, mama, usiutwishe na hili kabla hatujawa na hakika. Tukishahakikisha, muite upendavyo."

Mama akaachia mikono ya Fundi taratibu. "Anasema kweli," akasema. "Nilishamlilia mara moja. Nikimpata halafu niambiwe siye, nitakufa. Basi, baba, kwa sasa nitakuita Fundi. Majibu yakija nitakuita jina lako."

"Jina gani, mama?"

"Nilikuwa nimekupa jina ungali tumboni. Sijalitamka kwa mtu, hata kwa mume wangu. Utalisikia siku hiyo."

Fundi akainamisha kichwa, akasema amesubiri umri wake wote, wiki chache hazitamuua. Mtu mwenye adabu, jamani. Hata Karani aliliona hilo, na likamwudhi, kwa sababu matapeli wazuri wote wana adabu.

Wakati wa kusubiri kichupa kutoka maabara, Fundi alikuja kila Jumamosi. Mlango wa mbele ulikuwa na kitasa kizee chenye kiburi, mpaka uunyanyue kwa goti ndipo ufunguke. Alikitoa, akaweka kipya, akachonga funguo tatu. Moja ya Mama, moja ya Karani. Ya tatu Mama alimfumbatisha Fundi mwenyewe.

"Siku nikizidiwa na huyu yuko kazini, nani atanifungulia?"

Karani alimeza maneno yake kama kidonge kichungu. Fundi akautia ule ufunguo kwenye pete yake ya funguo, akaugusa mara mbili tatu kuhakikisha umo.

Yeye ndiye aliyegundua habari ya kinywa. Akaleta pipi za limau, zile kali zinazomfanya mtu afumbe jicho moja, akasema zinaita mate. Mama akaweka moja ulimini, akakunja uso, akacheka. Karani hakukumbuka mara ya mwisho kumsikia mama yake akicheka, na badala ya kufurahi aliona wivu, wivu wa mtoto wa miaka mitano. Pipi zenyewe zikaisha baada ya siku chache.

Kichupa kikaja. Kilikuwa kidogo kama cha dawa ya macho, kina mstari mweusi ubavuni, na maelezo yake: mate matupu, povu lisihesabiwe, yafike mstarini, mhusika asile wala asinywe kwanza. Asubuhi hiyo Karani alikuwa anasubiriwa ofisini kwa faili la ghala lililoungua, ghala ambalo kwa maoni yake liliunguzwa na mwenyewe. Kwa hiyo kazi ya kumsimamia Mama ilimwangukia Redio.

Redio alikuwa shoga wa Mama na jirani wa ukuta mmoja, mjane, ambaye kila Karani akitoka yeye aliingia kumwangalia mgonjwa. Jina hilo alipewa na mtaa mzima na alilipenda. Alikuwa na moyo mweupe na mdomo usiokuwa na kifuniko. Ukimwambia siri asubuhi, mchana unasimuliwa wewe mwenyewe, imeongezwa chumvi. Karani alikuwa amemwapisha Mama asimwambie Redio lolote. Huyu anayekuja Jumamosi ni fundi wa kitasa, basi.

"Ni shoga yangu," Mama alilalamika. "Sijawahi kumficha kitu kikubwa hivi."

"Mama, Redio akijua leo, kesho wanajua mpaka paka wa sokoni. Na kama siye? Utapitaje mtaani?"

Akamgeukia Redio aliyekuwa anaingia na mazungumzo yake tayari njiani. "Hiki ni kipimo cha hospitali. Cha kinywa. Wanataka kuona mate yake yakoje. Ateme mpaka mstari huu, usimpe chai kabla hajamaliza."

"Kinywa tena? Hawa watu wataishia kumpima na kivuli! Nenda zako kazini, mwanangu, mimi nipo."

Karani aliporudi alasiri, kichupa kilikuwa mezani, kimefungwa vizuri, mate safi hadi mstarini. Mama alikuwa anatabasamu kitandani kama mtoto aliyeshinda mtihani. Karani alikiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaridhika, akakipeleka maabara siku iyo hiyo.

Majibu walikwenda kuyachukua pamoja, yeye na Fundi, wamekaa kwenye viti vya plastiki. Fundi alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi. Mtaalamu wa maabara, mwanamke mpole mwenye miwani, aliwasomea polepole: mwenye mate haya hawezi kuwa mama mzazi wa huyu bwana.

Fundi alikohoa. "Hawezi kabisa, au hawezi kidogo?"

"Kabisa, kaka yangu. Pole."

"Na yule msichana wa ng'ambo? Yeye mashine ilisema ni damu yangu."

"Ukoo ni mkubwa. Huenda ni wa tawi jingine."

Karani alitegemea kuona aibu ya mtu aliyenaswa. Alikuwa amejiandaa nayo. Badala yake Fundi alikaa akitazama viganja vyake, halafu akaomba jambo moja tu, aende mwenyewe akamuage mama.

Alisimama mlangoni pa chumba, hakuingia. "Mama, wamesema si mimi. Samahani kwa kukusumbua."

Mama alimtazama Karani, siyo Fundi. "Mashine imesema?"

"Imesema, mama."

"Hao nao wana makoti meupe?"

"Wanayo."

"Basi," Mama akasema. "Hukunisumbua, Fundi." Akageukia ukutani, na hakugeuka tena mpaka hatua za Fundi zilipokwisha nje.

Sasa mimi nakuuliza, mtu aliyeambiwa na makoti meupe mara ya kwanza kwamba hana mtoto, na masikio yake yamemsikia mtoto analia, na sasa mikono yake imeshika vidole gumba vya mumewe, kwa nini anaamini tena? Ninalijua jibu, na linaniudhi. Aliamini kwa sababu mwanawe msomi aliamini. Kwake Karani alikuwa ndiye koti jeupe la nyumba.

Jioni Karani akakumbuka ufunguo. Mtu baki ana ufunguo wa nyumba! Hakumpigia amwambie arudishe, maana ingebidi amsikie sauti. Jumatatu akaleta fundi mwingine, kijana wa haraka haraka, akabadilisha kitasa. Namba ya Fundi akaifungia kwenye simu. Ndivyo wanavyofanya kazini: faili likifungwa, limefungwa.

Mama hakuwahi kunyanyuka vizuri baada ya hapo. Hakulia. Alikuwa anakula anacholishwa, anajibu anachoulizwa, basi. Daktari alisema ni moyo, na hapo hakukosea.

Mchana mmoja Karani aliomba ruhusa akabaki nyumbani, kwa sababu Mama aliamka vibaya. Alikuwa anamkanda miguu waliposikia chuma mlangoni. Ufunguo ukaingia tunduni. Ukagoma. Ukatolewa, ukaingizwa tena polepole, kama mtu anayeuliza swali mara ya pili kwa upole. Ukagoma.

Mama akafumbua macho. Yalikuwa yanang'aa kuliko siku zote za ugonjwa ule.

"Mwanangu kaja," akasema. "Mfungulie."

"Mama, ni jirani amekosea mlango."

"Mfungulie mwanangu."

Karani alitoka mpaka ukumbini, akasimama nyuma ya mlango, mkono kwenye mpini. Upande wa pili alisikia mtu anapumua. Angefungua. Wallahi ilibaki kidogo afungue. Lakini akaona picha yote: Mama anafufuka kwa matumaini, kisha anaambiwa tena siye, na safari hii anakufa kweli. Alijiambia anamlinda. Alibana pumzi mpaka mtu wa nje akashuka ngazi taratibu na kwenda zake.

Alipofungua, nje hapakuwa na mtu. Kwenye kizingiti palikuwa na mfuko wa pipi za limau.

"Ni nani?" Mama aliuliza.

"Ni Redio. Kakuletea pipi."

Ule mng'ao ukazimika machoni mwa Mama. Alikubali pipi moja mdomoni. "Nilikuwa na neno lake," akasema baada ya muda.

"La nani, mama? La Redio? Utamwambia akija. Pumzika."

Mama akapumzika. Haikupita wiki akapumzika moja kwa moja, asubuhi, wakati Karani ananyoosha shuka lake.

Siku ya mwisho ya msiba, watu wakiwa wametawanyika na viti vya kukodi vimerudishwa, Redio alibaki jikoni kuosha vikombe. Alikuwa amelia mpaka sauti imekwaruza, lakini hata sauti iliyokwaruza haikumzuia kuongea.

"Nikuulize, mwanangu. Zile pipi za limau, aliyeleta nani? Maana marehemu alinishukuru, nami nikapokea shukrani isiyo yangu."

"Mtu tu," Karani akajibu, akifuta sahani.

"Basi huyo mtu Mungu ambariki. Zilimsaidia kinywa. Laiti zingekuwepo siku ya kile kichupa chako, mimi nisingelazimika..."

Akanyamaza. Redio kunyamaza katikati ya sentensi ni habari. Karani akaweka sahani chini.

"Usingelazimika nini?"

"Ah, yameshapita."

"Niambie. Usingelazimika nini?"

"Haya, ameshakwenda, haitamdhuru tena. Alitema, mwanangu, alitema mpaka jasho likamtoka. Povu tu, halikujaa hata ukucha. Akasinzia amechoka. Mimi nikaangalia lile povu, nikasema, hawa wakiona kinywa kikavu hivi watamrudisha wodini wamchomechome tena, na aliniapia hataki kurudi kule. Nikalimwaga. Nikatema yangu. Mimi mate ninayo, unanijua! Dakika moja nimemaliza, mstarini kabisa, kama ulivyosema."

Karani alishika ukingo wa meza. "Ulimwambia?"

"Nimwambie ili aone haya? Aliamka akakiona kimejaa, akafurahi huyo! Akasema, 'Kumbe nimeweza.'"

Karani alikaa chini pale pale kwenye sakafu yenye maji. Akaeleza yote: wodi, kapu, Fundi, vidole gumba, kichupa. Redio alimsikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo halijawahi kutokea duniani. Kisha akashika kichwa kwa mikono yenye povu la sabuni.

"Ungeniambia! Ungeniambia, mwanangu! Ningeyakusanya mate yake tone kwa tone, kwa kijiko, kutwa nzima! Ulinificha mimi? Mimi niliyemwosha? Mficha maradhi, kifo humuumbua, na tazama kilivyotuumbua." Akalia upya, kilio kingine kabisa, siyo kile cha msibani. Tangu siku hiyo sauti yake ilipungua mtaani, na watoto wakawa wanaulizana kama Redio imeharibika.

Karani alirudi maabara. Sampuli ya Fundi ilikuwa bado wameihifadhi. Alitema yake mbele ya mtaalamu, na kichupa kilijaa upesi hata akaona aibu. Majibu hayakuchukua siku nyingi. Ndugu, baba mmoja, mama mmoja. Mwanamke mwenye miwani alitaka kumpongeza, akamtazama usoni, akaacha.

Kibanda cha Fundi kilikuwa chembamba, funguo zimening'inia ukutani kama samaki wa kukaushwa. Alikuwa anachonga, mashine inapiga kelele. Alimwona Karani na nguo zake nyeusi, akazima mashine. Hakuuliza nani amefariki.

"Lini?" akasema.

Karani akamwambia. Akampa karatasi. Kisha akaweka mikono yote miwili juu ya meza yake, vidole gumba nje, hakuvikunja. Akasimulia habari ya Redio, na ya namba aliyoifungia, na hakuomba msamaha kwa sababu hakuona neno linalotosha.

Fundi alisoma karatasi ile kwa utulivu, akaikunja vizuri kama kitambaa. "Nilishajua," akasema. "Nilipita matawi yote ya ule mti, dada. Wote niliwamaliza, mmoja baada ya mwingine, hakubaki ila yeye. Nikasema mashine imekosea, si bure. Nilikuja siku ile kuomba tupime tena."

"Ulibisha hodi?"

"Nilitaka. Nilitangulia kujaribu ufunguo, maana yeye mwenyewe ndiye aliyenipa. Nikakuta kitasa si changu." Akautoa ufunguo ule kwenye pete, akauweka kati yao. "Kile mlichoweka ni cha hovyo, ningekifungua kwa waya. Lakini mwenye nyumba akibadilisha kitasa, ameshasema. Nikadhani ni yeye."

"Ni mimi."

"Alikuwa ndani?"

Karani angeweza kudanganya, na pengine ingekuwa huruma. Lakini alikuwa amechoka na huruma za namna hiyo. "Alikuwa ndani. Alisikia ufunguo. Alisema, 'Mwanangu kaja, mfungulie.' Nilikuwa nyuma ya mlango."

Fundi alitikisa kichwa polepole, siyo kwa kukataa wala kukubali. Nje mteja alisimama na kufuli lake mkononi, akaona nyuso zao, akarudi nyuma kidogo.

Karani akatoa ufunguo mpya mkobani. "Huu ni wako. Nyumba ni yenu, ni yetu. Njoo."

Aliupokea, akauinua kwenye mwanga, akapitisha ukucha wake mpana kwenye meno yake. "Umechongwa vibaya, utakuvunjikia tunduni." Akachukua tupa, akausugua hapa na pale, akaupuliza, akamrudishia mkononi. "Sasa utafungua vizuri."

"Nimesema ni wako, kaka."

"Nikifungua, nimkute nani?"

Fundi aliinama juu ya meza, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikaomba, kama ya mtoto.

"Lile jina. Alisema alinipa jina. Ni lipi?"

Karani alikuwa ameshawauliza mashangazi wote, amepekua kabati lote, amemwuliza Redio, na Redio alikuwa amelia tu. Akakumbuka mchana ule, pipi mdomoni mwa Mama, na maneno "nilikuwa na neno lake", na yeye akimjibu apumzike.

"Hakuniambia," akasema. "Nilikuwa karibu. Sikumwuliza."

Fundi akawasha mashine, akachukua kufuli la yule mteja, na ilibidi apaze sauti ili asikike.

"Basi endelea kuniita Fundi."